Tela la Ostrander

Riverton, 20 Februari 2011

Mwanangu Twyla,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mifugo mizima, na bomba la jikoni halijaganda tena. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, chakula tunakula, na hapa gerezani wamenibadilishia viatu.

Habari za mama yako siandiki. Kila Jumapili tangu Desemba nakaa mbele ya karatasi na sipati pa kuanzia. Waliponiambia siwezi kupewa ruhusa ya kuja kuzika nikasema sawa, nikaenda kulisha farasi. Nilidhani kitu kitanipata baadaye, hakikunipata. Bado nalisha farasi.

Nakuandikia kwa sababu ya mmoja wao. Unajua kazi yetu hapa: serikali inawakamata farasi wa mwituni kule jangwani, inatuletea, sisi wafungwa tunawafuga mpaka wakubali tandiko, halafu wanauzwa mnadani. Mimi ninaye wa rangi ya moshi, amehasiwa, ana miaka mitano. Tumempa jina Shemasi maana huinamisha kichwa kabla ya kula. Alipoletwa alivunja ubao wa zizi kwa kifua. Sasa naweza kumwinua mguu wowote huku napiga miayo.

Mnada ni Jumamosi ya mwisho ya Mei. Nataka umnunue. Pesa za kazi yangu ya hapa ziko, nitakutumia. Ila huna cha kumbebea, tela letu tuliliuza mwaka ule wa kesi. Tafuta jingine, la alumini, kuukuu haidhuru, la farasi wawili.

Natoka Oktoba. Swali lile jingine sitaki kukuuliza, la kama nyumba hiyo bado ni yangu kurudi. Nataka Shemasi atangulie tu. Ukimpokea yeye, nami nitajua.

Mimi baba yako,
Royce

*

Ten Sleep, 9 Machi 2011

Baba, shikamoo.

Nimepata barua yako, nafurahi kwamba kikohozi kimekuacha. Mimi mzima. Ndama wameanza kuzaliwa, wawili wamekufa kwa baridi, waliobaki wananyonya. Dukani bado nauza chakula cha mifugo siku nne kwa wiki, na mgongo unajua.

Nami sijalia, kama ulitaka kujua. Kanisani watu wananitazama kama wanaongoja basi. Nguo za mama bado ziko kabatini, napita nafungua, nafunga, naenda zangu.

Kuhusu Shemasi wako, sijasema ndiyo. Nimesema nitatafuta tela, basi, maana kutafuta tela ni kazi ninayoiweza. Lile swali lako jingine nami sina jibu lake. Ungekuwa umeniuliza waziwazi ningekujibu hivyo hivyo.

Nimeona mawili. La kwanza liko Worland, mwenyewe anaapa limelala ghalani maisha yake yote na lilikuwa la bibi mmoja aliyelitumia kwenda kwenye gwaride mara moja kwa mwaka. Limepakwa rangi ya fedha, linang'aa kama sufuria ya harusi. La pili liko Thermopolis, ni la kubebea ng'ombe, la alumini pia, pana ndani, wazi, halina vyumba, mlango wa nyuma unafunguka pembeni kama lango. Ni imara na bei yake nafuu. Unasemaje?

Mwanao,
Twyla

*

Riverton, 18 Machi 2011

Mwanangu Twyla,

Salamu nyingi. Mimi mzima, pole kwa ndama. Wale wengine walaze kwenye majani makavu upande wa kusini wa ghala, upepo hauingii huko.

La Worland achana nalo. Alumini haihitaji rangi, na anayeipaka rangi ana anachokifunika. La Thermopolis nalo liache. Shemasi si ng'ombe. Sijakaa naye miezi tisa ili aje nyumbani akiyumba kwenye sanduku la ng'ombe, mavi ya ng'ombe wa watu ukutani. Mtafutie tela la heshima, vyumba viwili vya kusimama sambamba, na mlango wa nyuma unaolala chini ukawa daraja, apande akitembea kama muungwana. Hivyo ndivyo nilivyobeba farasi maisha yangu yote.

Ukilipata, mng'ao usikudanganye. Inua mikeka ya mpira, yote, hata mwenyewe akinuna. Mkojo wa farasi unaila alumini polepole, na utaona unga mweupe kama chumvi. Unga wa juu juu si neno, fagia. Lakini chukua bisibisi uchome sakafu kando kando ya ukuta, ikizama, mshukuru mwenyewe uondoke. Ingia uvunguni ulale chali. Tazama pale alumini inapokutana na chuma, ndipo ugonjwa unapoanzia. Matairi yasome mwaka wake, maana tairi la tela linazeeka kabla ya kulika. Na usiseme una haraka. Sema baba yako ndiye mbishi, ni kweli na inasaidia.

Baba yako,
Royce

*

Ten Sleep, 17 Aprili 2011

Baba, shikamoo.

Habari za huko? Huku theluji imebaki mlimani tu na mfereji umeanza kujaa. Ndama wako salama. Nimekonda kidogo, nakula nikikumbuka.

Tela nimelipata, nimelinunua, liko uani. Lina miaka ishirini na kitu. Lina vyumba viwili sambamba, na mlango wa nyuma unalala chini kama ulivyotaka. Niliinua mikeka, nikachoma kwa bisibisi mpaka mkono ukauma, haikuzama popote. Uvunguni ni safi. Matairi yamezeeka, nitayabadilisha.

Sasa nikwambie ni la nani, maana ukilisikia kwa mwingine utasema nilikuficha. Ni la Ostrander, yule yule wa kesi yako.

Niliona tangazo ukutani dukani kwetu, nikalisoma mara mbili. Nikaenda. Alitoka na fimbo yake, akavuka uwanja taratibu, mkewe akabaki dirishani. Nikasema nimekuja kuona tela. Akaniuliza la nini. Nikamwambia ukweli wote: farasi wa mwituni, wa baba, mnada wa Mei. Akazunguka tela akitazama matairi.

Halafu akasema, "Yapunguze upepo kidogo, barabara ya huko mbovu." Tukaanza kuinua mikeka. Yeye alishika upande mmoja kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye fimbo. Nilimwambia aache, akasema mikeka ni yake bado, mpaka nilipe.

Nilipotaka kupatana bei alikataa. Alisema bei ni ile iliyoandikwa, hapunguzi kwa sababu mimi ni Haldorson na haongezi kwa sababu mimi ni Haldorson.

Nilirudi nikivuta tela na nikajiuliza najisikiaje. Sikuona kitu, Baba. Nilipika mayai nikalala.

Mwanao,
Twyla

*

Riverton, 2 Mei 2011

Twyla,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Lirudishe. Mwambie hela abaki nazo. Yule mtu nilimpiga kwa koleo la kuchimbia mfereji kwa sababu ya zamu ya maji ya siku moja, na hawezi kupanda farasi tena. Siwezi kumweka farasi wangu pale aliposimama farasi wake. Bora Shemasi anunuliwe na watu wengine.

Baba

*

Ten Sleep, 8 Mei 2011

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, na tela silirudishi. Mikono iliyochoka kwa kuchoma sakafu ni yangu.

Kuna jambo mama hakukuandikia, aliniambia nisilitaje, sasa hayupo wa kunikataza. Tangu Ostrander atoke hospitali, ni mama aliyekuwa akiwafungulia lango la maji. Siku za zamu yao alivaa buti zako akatembea mpaka juu mfereji unapoanzia, akazungusha lile gurudumu la lango, akangoja shamba lao linywe, akafunga. Kiangazi chote, miaka mitatu. Ostrander hakumwomba. Siku ya kwanza alitoka na fimbo kumfukuza, mama akamwambia apige kelele anavyotaka, maji hayasikii. Baada ya hapo Geneva, mkewe Ostrander, akawa anamletea kahawa kwenye chupa. Hawakuwa marafiki, ila kahawa ilikuwa moto.

Sasa ninakwenda mimi. Hakuna aliyeniambia. Siku ya zamu ilifika, nikajikuta navaa buti.

Kwa hiyo usiniambie nani asimame wapi. Wewe hapo umekaa na aibu yako, unailisha. Sisi huku tunaishi na mtu huyo, mfereji mmoja.

Nitakuja mnadani. Ndiyo, nitamnunua. Nimeshaamua, na lile swali lako jingine lichukulie limo humo humo.

Mwanao,
Twyla

*

Ten Sleep, 30 Mei 2011

Baba, shikamoo.

Najua habari zimekufikia nusu nusu, na askari wenu hawasimulii. Nimekaa kukueleza, maana waliwaondoa ninyi wafungwa mkahesabiwe kabla ya upakiaji na hukuona.

Ulipoingia uwanjani juu ya Shemasi nilikuona umezeeka, na umekaa vizuri. Ulipoachia hatamu shingoni akazunguka kwa magoti yako tu, bibi mmoja nyuma yangu alisema huyo farasi anajua kusoma. Nilinyanyua mkono, yule mzee wa Nebraska mwenye kofia ya majani akanyanyua, nikanyanyua, akatikisa kichwa. Basi nikampata. Uliinama kidogo, nadhani ilikuwa kwangu.

Nikarudisha pikapu nyuma mpaka langoni pa kupakilia, nikalaza mlango wa tela. Mkaguzi wa ofisi ya farasi akaja, kijana mpole, akatazama, akaniuliza kama nina tela jingine.

Nikasema sina. Akasema, "Dada, hili hawezi kupanda. Farasi wa mwituni haendi kwenye vyumba wala kwenye daraja. Ni tela wazi, mlango wa pembeni, kama la ng'ombe."

Nikamwambia huyu si wa mwituni tena, baba yangu amemlea, aingie zizini amwone mwenyewe. Akaenda kweli. Akamshika kichwa, akamwinua mguu, akarudi akijikuna kisogo. "Naona," akasema. "Lakini mwaka mzima baada ya mnada bado ni wa serikali, na kwenye karatasi ni wa mwituni. Akirukia dari akavunjika shingo, nitasema nini?"

Nilimwuliza kila mtu mwenye tela la ng'ombe. Wote walikuwa wamejaza au wanaelekea kwingine. Lango lilikuwa linafungwa saa kumi na moja, na asiyepakia anapoteza farasi wake kwa aliyemfuatia bei. Yule mzee wa Nebraska alikuwa wa pili mnadani na tela lake lilikuwa wazi. Alinijia mwenyewe, akavua kofia, akasema hatamgusa mpaka nimwambie. Mkewe akanipa mkate wenye nyama. Niliula, Baba. Nikamwambia amchukue.

Shemasi alipanda bila kusukumwa. Alipogeuka alikuwa anatazama upande ule mlikopelekwa.

Nikarudi na tela tupu, linadunda nyuma kama debe. Kabla ya kufika Shoshoni nikasimama kando ya barabara, nikashuka, nikaingia tela, nikasimama chumba cha kushoto. Nilidhani sasa nitalia. Nilisimama tu, malori yakapita, nikatoka.

Pole, Baba.

Mwanao,
Twyla

*

Riverton, 26 Juni 2011

Mwanangu Twyla,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi mzima.

Nimekawia kuandika. Pole usinipe mimi. Wewe uliliona tela linalofaa, kule Thermopolis, mimi nikakutoa pale kwa kiburi cha kusema Shemasi si ng'ombe. Kanuni ile imebandikwa hapa mlangoni pa ofisi ya zizi. Nimepita mbele yake miaka mitatu na kila mnada nimeona matela ya ng'ombe yakija kuwachukua. Nilijua. Ila kwa huyu sikufikiri inamhusu. Nilikaa naye mpaka nikasahau alikotoka.

Wameniletea mwingine, jike, mweusi. Sijampa jina.

Oktoba usije kunichukua. Kuna mtu hapa ana ndugu mwenye ranchi karibu na Casper, wanatafuta mtu wa kazi na hawaulizi mengi. Nitapanda basi. Nyumba hiyo ikae kwako, umeibeba peke yako vya kutosha. Tela liuze, usilirudishe, mradi lisikae uani likikukumbusha. Mpe salamu mtu yeyote anayeniuliza, kama yupo.

Baba yako,
Royce

*

Riverton, 4 Septemba 2011

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Mimi mzima. Sijapata barua yako tangu Mei, nadhani ni posta, au ni kuvuna majani ya mifugo. Nikikosea anwani nijulishe. Kama si anwani, basi nimeelewa.

Natoka tarehe tatu Oktoba, asubuhi. Nakwambia tu ujue nilipo.

Baba

*

Ten Sleep, 25 Septemba 2011

Baba, shikamoo.

Si posta, na anwani ni ile ile. Nilikuwa na hasira. Ilinichukua kiangazi chote kujua kwamba ni hasira, maana miezi mingi sikuwa na kitu ndani na nilishazoea. Ilikuja siku moja nikifunga lango la maji, nikakaa chini kwenye tope nikalia kwa ajili ya mama, kisha kwa ajili ya yule farasi, kisha nikaanza kukutukana wewe kwa sauti. Geneva alikuwa amesimama na chupa yake ya kahawa. Alingoja nimalize, akanimiminia.

Hiyo habari ya Casper sijaipenda. Unaweza kwenda, wewe ni mtu mzima. Lakini nisikilize kwanza.

Wiki iliyopita Ostrander alikuja uani, ameegemea fimbo, akatazama tela, akaniuliza limebeba nini tangu aliponiuzia. Nikasema hewa. Nikamsimulia mnada. Alicheka mpaka akatafuta pa kushika. Alisema angeniambia mwenyewe kuhusu ile kanuni, ila alidhani Royce Haldorson hawezi kukosea jambo la farasi.

Kisha akasema lililomleta. Farasi wake mzee, Bishop, yuko Kinnear kwa dada yake tangu ajali. Ajali, ndivyo alivyoiita. Ana miaka ishirini na saba, magoti yamekufa, jicho moja haoni. Dada anahamia mjini, na Ostrander anamtaka nyumbani kwa baridi hii, ambayo haitakuwa na ya pili. Tela la ng'ombe haliwezi, hawezi kuinua miguu kupanda. Anahitaji daraja lile lile walilonikatalia.

Nikamwambia Kinnear ni karibu na Riverton, na tarehe tatu huenda nikawa upande huo. Nikamwuliza kama anaelewa ninasema nini. Akajibu, "Naelewa. Mikono ya baba yako kwa farasi haina neno. Iliharibika kwenye koleo." Akasema pia kwamba hataki kuongea na wewe, si siku hiyo, labda si siku yoyote. Atakuwa ndani. Anataka farasi tu. Afisa atakayekusimamia ukishatoka nimemwuliza, amesema maadamu Ostrander ameomba mwenyewe kwa maandishi, na ameandika, hakuna kizuizi wewe kufika kwake.

Sijakusamehe, Baba, na sijui nitakusamehe lini. Ukija nyumbani utalala chumba cha nyuma, kile cha mama nimekichukua mimi. Utakuta watu wanaokukwepa dukani. Siwezi kukutengenezea yote hayo yakawa mepesi.

Lakini nilikwenda Kinnear kumjaribu Bishop. Akifika katikati ya daraja miguu ya nyuma inatetemeka, anasimama, hakubali. Anataka mtu mmoja mbele wa kumshika kichwa upande wa jicho bovu na kumsemesha, na mwingine nyuma, mkono kwenye kiuno chake, asiyemharakisha. Nilimjaribu asubuhi nzima.

Tarehe tatu nitakuwa kwenye lango la gereza saa mbili asubuhi. Peke yangu simpakii.

Mwanao,
Twyla